Nani alikuwa anamhamisha? Kisa cha straika Mwingereza aliyepita klabu 15

Kwa nini nimekaa na kisa hiki

Kila dirisha la usajili likifunguliwa mjadala ule ule unarudi vijiweni, kwamba straika fulani hatulii, leo yuko huku kesho kule, anafuata hela tu. Nimeyasikia hayo miaka na miaka kuhusu mastraika wa Kiingereza wale wa daraja la kati, sio mastaa wakubwa ila sio wabovu pia, na kila nikifuatilia safari ya mmoja wao hatua kwa hatua naona mambo mengine kabisa, yaani anayefungasha virago mara nyingi sio yeye aliyepanga siku ya safari. Nimechagua mmoja ambae safari yake inafundisha kuliko nyingi ninazozijua.

Jina lake nimelitoa, majina ya klabu zake na makocha wake pia nimeyatoa. Nilichobakiza ni miaka, ngazi ya ligi, na bei kwa namba za jumla, maana ukiondoa na hivyo hakuna cha kujifunza tena. Tumwite K. Maisha yake nje ya uwanja hayahusiani na somo letu kwa hiyo sijayagusa. Na pale ninaposema kwa nini jambo fulani lilifanyika, natumia hali ya klabu ilivyokuwa wakati ule, matokeo yake na hesabu zake, vitu ambavyo viko wazi.

Alikotokea

K ni kijana wa London, kalelewa na klabu ndogo iliyokuwa ligi ya tatu, akaanza kupewa nafasi kikosi cha kwanza msimu wa 1995/96. Shika msimu huo, kwa sababu tarehe 15 Desemba 1995 ndo mahakama ya Ulaya ilitoa hukumu ya kesi ya Bosman, kwamba mchezaji akimaliza mkataba wake anaweza kuondoka kwenda klabu ya nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya bila klabu mpya kulipa hata senti. Kuanzia hapo klabu zote zikajifunza kuangalia kalenda, mchezaji ambae mkataba wake unaelekea ukingoni ni mali inayoyeyuka mkononi, na klabu ndogo zilijifunza haraka zaidi maana kwao hela ya kumuuza kijana mmoja inalipa mishahara ya nusu ya kikosi.

Sasa K alikuwa straika wa aina gani? Mwili anao, mbio anazo, anakimbia kwenye nafasi nyuma ya mabeki wa pembeni kutwa nzima, lakini golini hakuwa mkali. Katika ile klabu ya kwanza alicheza mechi 70 za ligi akafunga magoli 8. Na pamoja na hayo Januari 1998 klabu ya Ligi Kuu, ya London hapo hapo, ikamchukua kwa pauni laki moja na nusu za kuanzia. Watu wengi wanashindwa kuelewa mtu wa magoli 8 kwenye mechi 70 anapandaje mpaka Ligi Kuu, lakini ile klabu ilikuwa inazama, haina pesa ya kununua mfungaji aliyekamilika, ikanunua miguu yenye mbio kwa bei ya chini ikaomba Mungu. K akawapa magoli 5, na bado timu ikamaliza mkiani ikashuka.

Mlolongo wa kuuzwa, 1999 hadi 2003

Hapa ndo pana utamu wa kisa, naomba tuende taratibu.

Klabu iliyoshuka ikaanza kuishiwa na kufikia Machi 1999 ikawa chini ya msimamizi wa madeni, yaani mtu wa nje anayewekwa kuiendesha klabu iliyoshindwa kulipa. Miezi miwili kabla ya hapo, Januari 1999, K kauzwa kwenda klabu ya katikati ya Uingereza kwa kama pauni laki tatu na sabini na tano. Msimu ule alikuwa hajafunga hata bao moja la ligi! Bao hana, bei imepanda zaidi ya mara mbili ya ile ya kuanzia. Klabu yenye njaa haimuuzi yule isiyemhitaji, inamuuza yule mwenye mnunuzi.

Kule alikofika hali ikawa mbaya, mechi 23 bao 1, timu yenyewe inahangaika chini ya jedwali la ligi ya pili. Oktoba 1999 wakamwachia aende klabu ya Yorkshire, kaskazini, kwa laki tatu, yaani kwa hasara. Na Yorkshire, kwa mara ya kwanza maishani mwake, K akaanza kucheka na nyavu kweli kweli, magoli 20 katika mechi 48 za ligi. Mtu yule yule, miguu ile ile. Miezi 13 baadae, Novemba 2000, klabu moja ya Lancashire yenye mfuko mnene iliyokuwa inautafuta mlango wa kurudi Ligi Kuu ikamchukua kwa zaidi ya pauni milioni 1, wakapanda daraja mwisho wa msimu. Novemba 2001 tena, kabla hata hajazoea vizuri, kauzwa kwenda klabu ya mashariki mwa nchi kwa kama milioni 3.

Angalia miezi hiyo: Oktoba, Novemba, Novemba. Kijana anayefuatilia mpira leo atashangaa, dirisha gani hilo la Novemba? Wakati ule Uingereza haikuwa na madirisha, soko lilikuwa wazi tangu msimu unaanza mpaka mwisho wa Machi, madirisha yalianza msimu wa 2002/03. Kwa hiyo timu ikipoteza mechi tano mfululizo mwenyekiti anafungua pochi wiki hiyo hiyo, hasubiri Januari. Straika wa aina ya K, ambae hahitaji timu ijengwe kumzunguka na anaweza kuingia Jumamosi hii akakimbia, alikuwa bidhaa ya dharura. Nadhani hili ndo linaeleza nusu ya klabu zake zote.

Ile ya mashariki ilikuwa imemaliza ya tano msimu uliotangulia, ikaenda kucheza kombe la UEFA, halafu ligi ikawageuka wakajikuta mkiani. K alipofika akawasha moto, timu ikashinda mfululizo kipindi cha baridi kali na watu wakaanza kuamini wameokoka, yeye mwenyewe akamaliza na magoli 9 ya Ligi Kuu. Haikutosha, wakashuka Mei 2002.

Na walishuka katika mwaka mbaya kuliko yote. ITV Digital, kampuni ya televisheni iliyokuwa imeahidi pauni milioni 315 kwa miaka mitatu kuonyesha mechi za ligi za chini, ilianguka miezi ile ile, klabu zikabaki na shimo la zaidi ya milioni 178 ambazo zilishawekwa kwenye bajeti. Klabu ya K ilikuwa na mishahara ya timu ya Ulaya na mapato ya ligi ya pili. Februari 2003 ikawa chini ya msimamizi wa madeni, ya pili hiyo katika maisha yake ya soka na alikuwa bado hajafika miaka 25.

Mkopo, bei ya kutupa, na msimu wake mzuri kuliko yote

Msimu wa 2003/04 wakamtoa kwa mkopo, msimu mzima, kwenda timu iliyokuwa imepanda Ligi Kuu. Magoli 9 tena. Timu ikashuka tena. Hebu fikiria hali yake, mara mbili kafunga 9 katika ligi ngumu kiasi kile, mara mbili anamaliza msimu ameinamisha kichwa.

Kiangazi cha 2004 klabu moja ya Merseyside ikamnunua kwa kama pauni laki nne na nusu. Miaka mitatu nyuma aliuzwa milioni 3, juzi tu kafunga magoli 9 ya Ligi Kuu, na bei imeporomoka kiasi hicho. Mtu akisoma bei peke yake atasema huyu kaisha. Ukweli ni kwamba muuzaji ndo alikuwa kaisha, alitaka mshahara wa K utoke kwenye vitabu vyake, na soko lote la Uingereza lilikuwa limejaa wachezaji wa namna hiyo baada ya ile anguko la televisheni.

Ile klabu mpya ilitoka kumaliza ya 17, wachambuzi wengi wanaitabiria kushuka, na siku ya mwisho ya dirisha ikamuuza kijana wake staa. Kocha akaamua kucheza na straika mmoja mbele na viungo watano nyuma yake. Huyo mmoja akawa K. Kazi yake: kugombania kila mpira mrefu, kukaa nao mpaka wenzake wafike, kukimbiza mabeki wa wapinzani wasipumue, kukimbilia pembeni kuwafungulia njia viungo waingie boksi. Akacheza karibu kila mechi ya ligi. Magoli yake 6 tu. Timu ikamaliza ya 4.

Kwangu mimi ule ndo msimu wake bora na ningependa kila straika kijana auangalie. Magoli 6, nafasi ya nne! Viungo walikuwa wanafunga kwa sababu kuna mtu mbele anabeba mzigo. Lakini Januari 2005, katikati ya msimu huo huo, klabu ililipa karibu milioni 6 kuleta straika mwingine, bei ambayo ilikuwa haijawahi kulipa, maana jicho la wengi linahesabu magoli.

Mwaka mmoja baadae, Januari 2006, timu imeanza msimu vibaya, K nafasi imepungua, kauzwa kurudi London kwa zaidi ya pauni milioni 2. Walimnunua chini ya nusu milioni wakamuuza mara nne na zaidi. Mechi yake ya kwanza huko ilikuwa ugenini kwa mabingwa watetezi na akafunga, 1-1.

Kushuka kwa ngazi

Baada ya hapo naenda haraka maana mambo yenyewe yalienda haraka. Magoli yakakauka, timu ikashuka 2007. Msimu wa 2007/08 akaenda kwa mkopo wa msimu mzima klabu nyingine ya Ligi Kuu kaskazini, magoli 7 pamoja na hat-trick moja (magoli matatu mechi moja) ya Desemba, timu ikabaki salama. Julai 2008 kauzwa kwa kama milioni 1 kwenda klabu kubwa ya katikati ya nchi iliyokuwa imeshuka na inataka kurudi. Walirudi, 2009, ila yeye kafunga magoli 3 ya ligi na hakuwa kwenye mipango ya Ligi Kuu. 2009/10 mikopo miwili mifupi, mmoja kaskazini mashariki na mmoja magharibi mwa London, mechi chache bila kuacha alama. Agosti 2010, siku ya mwisho ya dirisha, akapata nafasi Ligi Kuu tena kwenye klabu nyingine, akasugua benchi zaidi. Mwanzoni mwa 2011 akarudi Yorkshire, kwa wale wale aliowafungia 20, na mwisho wa msimu wakashuka ligi ya tatu. Kisha Indonesia, na hapo ndo ikawa mwisho.

Jumla: klabu 15, nane kati ya hizo kawachezea kwenye Ligi Kuu, kushuka daraja na timu mara tano, kupanda mara mbili. Ukijumlisha bei zote za kuuzwa kwake unapata takriban pauni milioni 9.

Uchambuzi: bei ilikuwa inapima nini

Zipange bei zake kwa mstari: laki moja na nusu, laki tatu na sabini na tano, laki tatu, milioni 1 na kitu, milioni 3, laki nne na nusu, milioni 2 na kitu, milioni 1. Sasa ziweke pembeni ya magoli yake. Havikutani. Bei ilipanda akiwa hana bao, ikaporomoka akiwa ametoka kufunga 9, ikapanda tena baada ya msimu wa magoli 6. Ukiziweka pembeni ya hali ya benki ya anayeuza na hofu ya anayenunua, hapo vinakutana karibu kila mahali. Kijana anayejipima thamani kwa bei aliyouzwa atachanganyikiwa bure, na wazazi wake pia.

Na hiyo hela sio yake, hili nalisisitiza kwa sababu nyumbani kwetu watu wakisikia milioni 3 wanadhani mchezaji kapokea milioni 3. Inatoka klabu kwenda klabu, mara nyingi kwa mafungu ya miaka. Yeye ana mshahara wake na hela ya kusaini, ambayo Uingereza kwa kawaida inagawanywa kwa miaka ya mkataba. Na kuna kipengele wengi hawakijui: mchezaji akiandika barua mwenyewe kuomba kuondoka, mafungu yaliyobaki ya ile hela ya kusaini anayapoteza, lakini klabu ikimuuza kwa hiari yake anapewa. Ndo maana klabu na mchezaji wanaweza kukaa miezi wanaangaliana, kila mmoja anasubiri mwenzake aseme kwanza. Sisi huku tunasoma kwenye magazeti kwamba mchezaji "analazimisha" au "anagoma", kumbe ni vuta nikuvute ya kipengele kimoja cha karatasi.

Kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Mikopo ndo imenifundisha zaidi. K alikuwa na mikopo miwili ya msimu mzima, ikatoa magoli 9 na magoli 7, yote Ligi Kuu. Mikopo yake mifupi ya 2009/10 haikutoa kitu. Wakati ule klabu za ligi za chini Uingereza zilikuwa na mkopo wa dharura, mpaka siku 93, nje ya dirisha, utaratibu uliofutwa 2016. Kwa klabu ulikuwa msaada mkubwa, straika kaumia Jumanne unapata mwingine Alhamisi, lakini kwa mchezaji wa zaidi ya miaka 30 anayetegemea mwili na mazoea na wenzake, siku 93 zinaishia kwenye kujifunza majina. Mtu kama K alihitaji wiki sita saba za kujua tu kiungo gani anapiga mpira wa kwanza na yupi anageuka kwanza. Ningekuwa mshauri wake ningesema bora msimu mzima ligi ya chini kuliko miezi miwili ligi ya juu.

Kilichofanya kazi ni jukumu lililo wazi. Yorkshire alipewa, Merseyside alipewa, na ile mikopo mirefu pia. Kila alipopelekwa kwa timu ambayo ilikuwa inatafuta magoli tu, bila kusema yatapatikanaje, alizama nayo. Swali la kumuuliza kocha kabla ya kusaini liwe utanichezesha wapi na nani atanipa mpira, hilo la utanipa mechi ngapi halina jibu la kuaminika.

Uamuzi wa Januari 2006, kuondoka klabu iliyomaliza ya 4, umelaumiwa na mashabiki wengi. Mimi naona ulikuwa sahihi pale ulipofanyika, nafasi yake ilishanunuliwa kwa milioni 6 mwaka uliotangulia na yeye aliipata miezi mingine 12 ya ziada kwa jasho lake. Wa 2008 ndo sikubaliani nao. Kaingia miaka 30, ametoka kufunga 7 Ligi Kuu, halafu anaenda kwa timu inayomhitaji kwa kazi moja, kupanda, na ikishapanda itanunua wengine. Kila mtu angeliona hilo mapema.

Kwa nini inatuhusu

Tanzania tuliumia sana 2020 na Mbwana Samatta. Aston Villa walimchukua Januari kwa sababu straika wao aliumia siku ya mwaka mpya, timu inapigania kubaki, akafunga dhidi ya Bournemouth mechi yake ya kwanza ya ligi, akafunga fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, na nchi nzima ilikesha. Kisha ligi ikasimama kwa corona kuanzia Machi hadi Juni. Villa wakabaki kwa tofauti ya pointi 1, wakapata uhakika wa hela za Ligi Kuu, Septemba wakamnunua straika Ollie Watkins, na mwezi huo huo Samatta akaenda Fenerbahçe ya Uturuki kwa mkopo. Mechi 14 za ligi. Tulitafuta mchawi, mara kocha, mara wenzake hawampi mpira. Ukishasoma kisa cha K unaona mambo ni yale yale: ununuzi wa dharura, wa katikati ya msimu, na timu iliyobadilisha mahitaji yake siku ile ilipookoka. Tofauti ni kwamba K, baada ya kila klabu iliyommaliza, alikuwa na klabu nyingine umbali wa saa mbili kwa gari zinazomjua tangu akiwa kijana, na mtu aliyetoka Mbagala kupitia Lubumbashi na Genk hana mtandao wa namna hiyo pale Uingereza, akikosa dirisha moja inabidi abadili nchi.